Zamu ya Kigodani

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Antoni Shigela Malimi, fundi seremala wa Buzuruga, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu na mzee wa kanisa kwa miaka kumi na mmoja, alisimama mlangoni pake akiwa na kopo la nyungunyungu mkononi.

"Lazima uende?" aliuliza mkewe, Wilhelmina, kutoka jikoni.

"Nisipokwenda watauliza kwa nini."

"Si uwaambie umechoka."

"Nimechoka mwaka mzima, mama. Uchovu nao una mwisho wake."

Wilhelmina akatoka jikoni. Alimfungia chapati mbili katika karatasi, akamtilia mfukoni, na Antoni akashika njia ya mwaloni, ufukwe wa ziwa wanakofikia wavuvi. Asubuhi ilikuwa kama asubuhi nyingine zote za mwezi wa sita: baridi kidogo, anga safi, moshi wa kuni umelala juu ya paa. Korongo wakubwa wa mwaloni walikuwa tayari wamesimama mstari mmoja ufukweni, mabega juu, kama wastaafu wanaosubiri kuhakikiwa.

Bashiru Jumbe alikuwa ndani ya boti akijaza mafuta kwenye injini. Yeye ndiye mwenye boti, na ndiye mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambalo nusu ya Buzuruga imejengewa mabati yake. Ijumaa iliyofuata alikuwa anamwoza binti yake, Nusrat, naye alikuwa amekwisha kuwatangazia wakwe kwamba sato wa karamu hawatatoka sokoni. Watavuliwa kwa mkono wake mwenyewe. Pembeni yake alikaa Jonathan, dereva mstaafu wa mabasi, mtu asiyeweza kunyamaza hata kwenye ubatizo.

"Shikamoo fundi," alisema Jonathan, ambaye ni mkubwa kwa Antoni kwa miaka miwili na hupenda kumwamkia hivyo kwa dhihaka. "Tulidhani umeota mizizi kama mbao zako."

"Mbao hazioti mizizi."

"Ndiyo maana nikasema tulidhani."

Bashiru aliinua uso. "Mmekuja kuvua au kusutana? Kaeni. Leo tunakwenda Kijijini."

Hakuna aliyecheka tena. Mwaka mzima hapakuwa na mtu aliyelitaja jina hilo.

Inafaa kueleza Kijiji ni nini. Watu hawa walianza kuvua pamoja mwaka 2016, si kwa biashara bali kwa burudani ya mwisho wa juma, nao walikuwa wanne. Wa nne aliitwa Elias Ndaki, fundi baiskeli, mzaliwa wa Sengerema. Huyo ndiye aliyewajua samaki. Mwezi Septemba 2017 Elias alikusanya matawi ya miti, akayafunga kwa waya mafungu makubwa, akayatia mawe tumboni, kisha wote wanne wakayazamisha mahali palipo na kina cha pima nne. Sato hupenda kivuli na kificho. Baada ya miezi michache walihamia humo kwa mamia, na wanne hao wakapaita mahali pale Kijiji.

Shida ilikuwa kupapata. Kijiji kilikuwa na ukubwa wa sebule, na ziwa halina mtaa wala namba ya nyumba. Ukikosea hatua tano tu, utashinda na ndoano tupu. Mtu mwingine angeweka boya, lakini boya humwita mwizi mwenye nyavu, nao walikuwa na wivu na Kijiji chao kuliko wivu wa mtu kwa mkewe. Hivyo Elias alibuni mistari miwili. Mstari wa kwanza ulikuwa rahisi: jiwe refu la ufukweni lilipaswa kuliziba tangi la maji lililo mlimani nyuma yake. Mstari wa pili ulihitaji mtu. Upande wa magharibi palikuwa na mwamba mpana na bapa, uliochomoza juu ya maji kwa kimo cha shibiri mbili tu, nao waliuita Kigoda. Mmoja wao alishushwa hapo, akasimama wima akiwa ameshika ufito mrefu. Waliobaki botini walisogea mpaka ufito ule ukaingia sawasawa katika ufa wa jabali jeupe lililokuwa mbali nyuma yake. Mistari miwili ilipokutana, Kijiji kilikuwa chini yao. Aliyesimama aliwaongoza kwa mkono: kushoto, kulia, basi. Kwa kuwa boti hupeperushwa hata ikiwa na nanga, ilimpasa kusimama muda wote wenzake walipokuwa wakivua, na zamu ilikuwa nusu saa.

Sheria yao ilikuwa moja. Aliyeko Kigodani alikuwa na kitambaa cheupe. Akikiinua, mishipi yote inavutwa na boti inakwenda kumchukua. Haulizwi sababu.

Jumamosi ya tarehe 15 Juni 2024 samaki walikataa tangu alfajiri. Bashiru alisimama Kigodani, wakakataa. Jonathan akasimama, wakakataa. Saa nne na nusu akashushwa Elias. Aliyatazama maji kwa muda, akawaelekeza kushoto kiasi cha hatua tatu, akaonyesha kwa mkono kwamba basi. Dakika ile ile mshipi wa Bashiru ukakazika. Kisha wa Jonathan. Kisha wa Antoni. Samaki walikula kama waliofungiwa njaa, sato wa kilo na zaidi, na wanaume watatu watu wazima wakasahau umri wao.

Saa tano ilipotimia, zamu ilikuwa ya Antoni.

Antoni alikuwa amekaa akielekea Kigodani. Wenzake walikuwa wamekipa mgongo. Alikiona kitambaa kikiinuliwa. Alikiona vizuri, kama unavyoliona shati kwenye kamba ya jirani. Wakati huo mshipi wake ulikuwa umevutwa na samaki mzito kuliko wote wa siku ile, naye akasema moyoni: huyu mmoja tu. Baada ya yule mmoja akaja mwingine. Bashiru akauliza bila kugeuka, "Elias yuko salama?" Antoni akajibu, "Yupo." Alivua wanne. Upepo wa kusini ulikuwa umeanza, nao katika ziwa lile hauji kwa hodi. Alipoinua macho tena, mawimbi yalikuwa yakipita juu ya mwamba, na juu ya mwamba hapakuwa na mtu.

Boya la kuokolea lilikuwa moja, nalo lilikuwa botini, limekaliwa na Jonathan.

Elias alipatikana siku ya tatu. Walipita Usagara na mwili, wakavuka kwa kivuko, wakamzika kwao Sengerema tarehe 19 Juni. Hapo msibani, mbele ya ukoo na wachungaji, mama yake Elias, Bi Kija, mwanamke mwembamba aliyepindwa na jembe, aliwaita wale watatu. Aliwajua, waliwahi kulala kwake. Antoni alimwamkia, "Shikamoo mama." Bi Kija hakuitikia.

"Mwanangu alinieleza mchezo wenu," alisema. "Alinieleza na habari ya kitambaa. Nani alikuwa amekaa kumwelekea?"

"Mimi, mama," alisema Antoni.

"Aliinua?"

Antoni aliwatazama wachungaji, akaitazama suti yake ya uzee wa kanisa. "Hakuinua."

"Nakuuliza tena. Aliinua?"

"Hakuinua, mama."

"Mara ya mwisho, Antoni. Watu hawa wote wanasikia."

"Hakuinua."

Watu wakaguna kwa huruma. Mmoja wa wajomba akasema labda alikuwa amekunywa, na neno hilo likazunguka, likakaa, likawa ndiyo habari ya kifo cha Elias Ndaki: mlevi aliyeteleza mwambani. Elias hakuwahi kuonja pombe. Bi Kija alingoja mpaka minong'ono ikaisha. Hakulia. Alimsogelea Antoni na kumwambia kwa sauti ya chini, ile ya kumwambia mgeni mahali palipo choo:

"Kama hakuinua, basi bado hajainua. Atakiinua."

Hayo ndiyo Antoni aliyokuwa ameyabeba kwa mwaka mzima. Wenzake waliyaona maneno ya mama mwenye uchungu. Yeye peke yake ndiye aliyejua yalikuwa jibu la uongo wake.

Sasa, asubuhi hiyo ya tarehe 14, boti ilikuwa ikielekea kule kule. Bashiru alitoa simu yake na kuionyesha kwa fahari. "Mahali penyewe ni hapa kwenye ramani. Nilipawekea alama zamani. Hatuhitaji mtu wa kusimama Kigodani tena. Hayo mambo ya ufito yameisha."

"Samaki wanaijua hiyo ramani?" aliuliza Jonathan.

"Utawauliza wakipanda."

Hawakupanda. Kwa saa tatu na zaidi walikaa juu ya ile alama ya simu, wakasogea, wakarudi, wakabadilisha chambo, na ndoano zikarudi na nyungunyungu wazima, wamelowa tu. Ziwa lilikuwa limelala kama mafuta katika sufuria. Hapakuwa na upepo. Hapakuwa na mtumbwi mwingine. Saa tano kasorobo Jonathan alinyamaza, jambo ambalo lingetosha kumtia mtu wasiwasi.

Kisha akasema, "Yule nani?"

Antoni alikuwa amekaa akielekea Kigodani. Hakuchagua; ndipo palipobaki nafasi. Juu ya mwamba alikuwa amesimama mtu, wima, ameshika ufito. Mng'ao wa maji ulikuwa ukimziba, na sura yake haikuonekana.

"Mvuvi tu," alisema Bashiru.

"Amefikaje? Chombo chake kiko wapi?"

Bashiru alikuwa ameanza kusema kitu, lakini mtu yule aliinua mkono wa kushoto, kiganja wazi, akausukuma hewani mara tatu. Kushoto. Kushoto. Kushoto. Bashiru, ambaye kwa karibu miaka saba aliutii mkono wa namna ile, alishika kasia na kuisogeza boti kushoto hatua tatu. Baadaye hakuweza kueleza kwa nini. Mkono ukashuka. Basi.

Mshipi wa Bashiru ukakazika.

"Wapo," alisema, na uso wake ukabadilika. "Wapo, wapo. Shusheni ndoano."

Walikula. Walikula hata kabla chambo hakijafika chini. Kila ndoano iliyoingia majini ilirudi na sato, mnene, mweusi mgongoni, na katika muda wa robo saa sakafu ya boti ilijaa. Bashiru alikuwa akicheka peke yake na kulitaja jina la binti yake. Antoni naye alivuta, kwa sababu mikono ilikuwa imezoea. Lakini alikuwa seremala, na jicho la seremala huona kilichonyooka. Samaki wale hawakuwa wakirukaruka. Hakuna hata mmoja aliyepiga mkia. Walilala pale walipoangukia, vinywa wazi, na kila mmoja, awe ameangukia wapi, alikuwa ameelekeza kichwa chake magharibi.

Magharibi ndiko kulikokuwa na Kigoda.

Akamshika mmoja. Alikuwa baridi, baridi ya kitu kilichotoka chini sana, pasipofika jua. Akatazama mwambani. Maji yalikuwa kioo, na ndani ya kioo kile kilionekana kivuli cha mwamba, na kivuli cha jabali jeupe, na anga. Kivuli cha mtu hakikuwamo.

Saa tano na robo, mtu yule aliinua kitambaa.

Antoni alikiona. Kilikuwa cheupe, kimelowa, kimening'inia bila kutikisika. Wenzake walikuwa wamempa mgongo. Hapo angeweza kusema. Maneno yalikuwa mawili tu, na hapakuwa na wachungaji wala ukoo wa kuyasikia.

"Yule jamaa bado yupo?" aliuliza Bashiru bila kugeuka.

"Yupo," alisema Antoni.

"Anasemaje?"

"Hasemi kitu."

Palepale mishipi mitatu ikakazika kwa pamoja.

Haikuelekea chini. Ilijinyoosha juu ya maji kama kamba za kuanikia nguo, yote mitatu, kuelekea Kigodani. Boti ikageuka taratibu na kuanza kwenda.

"Nanga," alisema Jonathan.

Bashiru aliivuta kamba ya nanga. Nanga ilikuwa imekwisha kupanda, inaning'inia chini ya boti, haina hata tope. Akauvuta uzi wa injini. Injini ikakohoa. Akavuta tena. Haikukohoa tena. Jonathan alitoa kisu kuukata mshipi wake, na kisu kikapita juu ya uzi ule mwembamba kama kinapita juu ya nondo.

Hatua sitini. Hatua hamsini.

"Tazameni maji," alinong'ona Jonathan.

Ziwa lilikuwa bapa. Mwamba ulikuwa mkavu, unang'aa kwa jua. Lakini mtu yule alikuwa akizama. Miguu yake haikuonekana tena. Kisha magoti. Alikuwa amesimama juu ya jiwe kavu, na kitu kisichoonekana kilikuwa kikimfunika kuanzia chini, polepole, kama maji yanavyopanda katika pipa. Kiuno. Mbavu. Mkono wenye kitambaa ulibaki juu.

Sasa walikuwa karibu vya kutosha kuona uso. Ulikuwa wa Elias. Haukuwa umeharibika. Ulikuwa uso wa mtu anayesubiri wenzake, anayeona wamemwona.

"Elias," alisema Bashiru. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Elias, ndugu yangu, sisi hatukujua. Hukuinua."

Shingo. Kidevu. Macho yale hayakumtazama Bashiru.

Jonathan aligeuka taratibu. "Antoni. Anakutazama wewe."

Antoni alishikilia ukingo wa boti.

"Antoni. Mwaka jana uliona nini?"

Kinywa cha Elias kilikuwa kimefunikwa. Vilibaki macho, na mkono, na kitambaa. Antoni alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, ndogo, kavu, kama ya mtu anayesoma herufi asizozijua.

"Aliinua. Nilimwona."

Macho yakafunikwa. Kisha mkono. Kisha kitambaa. Juu ya mwamba hapakubaki kitu ila ufito, umesimama wima juu ya jiwe, haujashikwa na mtu, haujapachikwa popote.

Pua ya boti iligusa Kigoda. Mishipi ilikuwa bado imekazika.

Jonathan alikuwa wa kwanza kusema, naye hakuwa na dhihaka tena. "Nilimbeba mabegani yule mtu, Antoni. Nililibeba jeneza lake nikisema moyoni, mlevi. Mama yake nilishindwa kumtazama kwa sababu ya aibu ya mwanawe."

"Jonathan, ndugu yangu."

"Shuka."

Antoni akamgeukia Bashiru. "Bashiru. Tuna miaka mingapi?"

Bashiru aliitazama mishipi, akautazama ufito. "Ilikuwa zamu yako, fundi. Tangu mwaka jana. Ukiishika, labda atatuachia."

"Mtaniacha."

"Nusu saa. Naapa kwa Mungu, na kwa binti yangu ninayemwoza wiki ijayo. Nusu saa, tunakuja kukuchukua. Ukiinua mkono, tunakuja kabla."

Hakusukumwa. Jambo hili lieleweke. Antoni alivua viatu vyake, akaviweka pamoja chini ya ubao wa kukalia, akashuka mwenyewe. Jiwe lilikuwa la moto. Alinyoosha mkono na kuushika ufito, na papo hapo mishipi mitatu ikalegea, ikaanguka majini. Injini ikawaka bila kuvutwa mara ya pili. Boti ikaanza kurudi nyuma. Jonathan alikaa mbele, kichwa kimeinama juu ya mikono yake. Bashiru alikaa nyuma penye injini, na kwa kuwa alikuwa akirudi nyuma kabla ya kugeuka, uso wake ulielekea Kigodani.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Antoni alijiambia ni nusu saa tu. Kwa nusu saa mtu huweza kupiga randa ubao mmoja.

Kisha akasikia maji kwenye vifundo vya miguu.

Alitazama chini. Jiwe lilikuwa kavu. Vidole vyake vilikuwa vikavu. Lakini baridi ile ilikuwa imezunguka vifundo, na ilikuwa ikisukuma, ikivuta, kama wimbi. Ikapanda kwenye muundi. Ikapanda kwenye magoti. Jua lilikuwa likimchoma utosi, na mapajani alikuwa akitetemeka. Suruali haikulowa. Hakukuwa na tone. Maji yalimfika kiunoni, akahisi uzito wake, akahisi yakimwinua kidogo kutoka kwenye jiwe na kumrudisha. Yalimfika kifuani. Pumzi ikawa fupi.

Alitaka kuinua mkono. Mkono mmoja ulikuwa umeshika ufito, nao haukufunguka. Wa pili ulikuwa umening'inia, mzito, umekufa.

Maji yasiyoonekana yakamfika kidevuni. Yalikuwa na ladha. Ladha ya tope, na ya majani yaliyozama miaka mingi.

Nyuma ya kisogo chake alisimama mtu. Hakumsikia akipumua. Alijua tu, kama ujuavyo ukiwa gizani kwamba ukuta uko karibu. Kisha vidole vitano, baridi, vikamshika kifundo cha mkono wa kulia, kimoja baada ya kingine, bila haraka, na kuanza kuuinua.

Juu. Juu kabisa. Bega likalia.

Boti ilikuwa umbali wa hatua mia moja na hamsini. Antoni alimwona Bashiru. Alimwona akiwa amemkodolea macho, mdomo wazi. Alimwona akigeuza uso. Sauti ya injini ikapanda, boti ikageuka, ikaenda zake kuelekea mwaloni.

Maji yakamfunika.

Aliyemwokoa ni Gladness, mchuuzi wa dagaa, aliyekuwa akitoka visiwani na magunia yake na wasaidizi wake katika mtumbwi wa injini. Alifika Kigodani saa nane na dakika ishirini mchana. Alimkuta Antoni amesimama, macho wazi, midomo ya bluu, mkono wa kulia umeinuliwa juu. Na walipomlaza chini mkono ule ulibaki umeinuka mpaka walipokaribia nchi kavu. Alikuwa mkavu kama kuni. Hata hivyo walipomgeuza kifudifudi alitapika maji, kiasi cha ndoo, meusi, yenye vipande vya majani. Gladness ana akili timamu, na hapendi kurudia habari hii. Ila akiulizwa kwa nini aliacha njia yake na kwenda mwambani, hujibu neno lile lile: alidhani ni watu wawili, mmoja amemsimamia mwenzake kwa nyuma.

Samaki wa Bashiru walimwagwa mwaloni siku hiyo hiyo. Jonathan alikataa kuwapeleka kwake, na Nusrat aliozwa kwa nyama ya mbuzi. Samaki wale walikaa pale mchangani siku tatu. Korongo, wanaokula hata kamba za viatu, hawakuwasogelea.

Jumatatu, tarehe 16 Juni 2025, Antoni alivuka kwenda Sengerema. Alimkuta Bi Kija akipepeta mtama uani. Alipiga magoti mavumbini, akasema yote, tena kwa sauti, majirani wakisikia: kwamba Elias hakuwa mlevi, kwamba aliinua kitambaa, kwamba yeye alimwona na akavua samaki wanne. Mwishoni akasema, "Shikamoo mama."

Bi Kija aliweka ungo chini. Akamshika kifundo cha mkono wa kulia, akakunja mkono wa shati. Kulikuwa na alama za vidole vitano, nyeupe, zimedidimia, na kutoka ndani ya kila alama yalikuwa yakichuruzika maji, kidogo kidogo, safi, baridi. Yanachuruzika mpaka leo. Amepelekwa kwa madaktari, wamefunga bendeji, bendeji hulowa. Hafanyi useremala tena, maana mbao alizozishika hupinda.

"Marahaba," alisema Bi Kija. Mwaka mzima ulikuwa umepita kati ya salamu na jibu. Kisha akakihesabu kidole kimoja, akakikunja, na kuacha viwili vimesimama. "Wewe umekwisha. Bado hawa."

Jonathan alifika huko mwezi uliofuata, tarehe 12 Julai, akalala siku mbili, akamlimia yule mama palizi. Bashiru hakwenda. Dukani kwake, mtu akiuliza, husema kwamba Antoni alishuka Kigodani kwa hiari, kwamba injini ilikuwa mbovu na isingeweza kurudi, na kwamba fundi mwenyewe aliinua mkono kuwapungia kwaheri, yuko peke yake mwambani na anatabasamu.

Si kweli. Kwamba alishuka kwa hiari, ni kweli, na imekwisha kuandikwa hapa. Lakini injini haikuwa mbovu. Iliwafikisha mwaloni kwa dakika ishirini na mbili. Antoni hakupunga, wala hakutabasamu, wala hakuwa peke yake. Mkono ule uliinuliwa na Elias Ndaki, Jumamosi ya tarehe 14 Juni 2025, kabla ya saa sita na robo mchana, jua likiwa utosini, na Bashiru Jumbe alikuwa amekaa akiwaelekea wote wawili.